Mchumia Juani Hulia Kivulini

Ndugu wasikilizaji, wahenga wetu walituachia methali isemayo mchumia juani hulia kivulini. Tangu shule ya msingi tumefundishwa maana yake: atokaye jasho leo atastarehe kesho. Lakini wiki hii, nilipokuwa nikitayarisha mazungumzo haya, niliigeuzageuza methali hiyo nikakumbuka kwamba neno "hulia" lina maana mbili. Laweza kuwa ni kula, na laweza kuwa ni kulia, kutoa machozi. Basi leo nataka kuwasimulia habari za watu waliochuma juani, tena jua kali, na walipofika kivulini wakatoa machozi.

Watu hao ni wakulima wa zabibu wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa. Najua wako miongoni mwenu ambao dini yao au hiari yao haiwaruhusu kugusa mvinyo. Nawaomba wasizime redio. Habari hii si ya kunywa. Ni habari ya bei, ya jasho, na ya swali ambalo kila mkulima duniani amewahi kujiuliza: inawezekanaje ghala langu lijae na chungu changu kibaki kitupu?

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Languedoc iko kando ya Bahari ya Mediterania, kuanzia upande wa mto Rhône hadi kukaribia milima ya Pyrenees inayoitenga Ufaransa na Hispania. Miji yake ni kama Montpellier, Béziers, Narbonne na Carcassonne. Kiangazi huko ni kikavu, jua huwaka miezi mingi, na upepo mkali kutoka nchi kavu hukausha majani kabla ukungu haujayaozesha. Vilima vimejaa mawe na vichaka vinavyonukia. Mahindi yangekataa katika udongo wa namna hiyo, lakini mzabibu hupeleka mizizi yake chini na kuishi. Wale waliopita Dodoma wameona mizabibu ya kwetu ikizaa mara mbili kwa mwaka. Huko Languedoc kuna majira ya baridi, mti hulala usingizi, na mavuno ni mara moja tu, karibu na mwezi wa Septemba. Mkulima akikosa bei mwezi huo, amekosa mwaka mzima.

Kilimo hicho si cha jana. Warumi waliuanzisha mji wa Narbonne mwaka 118 kabla ya Kristo, na zabibu zikastawi chini ya utawala wao. Lakini kwa karne nyingi mtu wa Languedoc hakuwa mkulima wa zabibu peke yake. Alikuwa na ngano yake, mizeituni yake na kondoo wake, na zabibu kidogo. Mwaka 1681 ulikamilika mfereji mkubwa uliobuniwa na Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, ukaunganisha upande wa Mediterania na mji wa Toulouse, ambako mto huendelea hadi Atlantiki. Hata hivyo mvinyo wa kawaida ni mzigo mzito wa bei ndogo, na sehemu kubwa ya mvinyo wa huko ilichemshwa kuwa pombe kali ili iweze kulipa nauli yake.

Kilichobadilisha mambo ni reli. Katika miaka ya 1850 garimoshi lilianza kuliunganisha eneo hilo na Paris na miji ya viwanda ya kaskazini. Huko kulikuwa na wafanyakazi wa viwandani na machimboni, watu wenye kiu na mshahara mdogo. Hawakutafuta mvinyo wa mabwanyenye. Walitaka mvinyo mwekundu, mwepesi na rahisi. Basi watu wa Languedoc wakang'oa ngano, wakakata mizeituni, wakashuka kutoka vilimani hadi tambarare zenye rutuba na kupanda mizabibu hadi upeo wa macho. Walipendelea aina iitwayo aramon, inayozaa sana ingawa mvinyo wake ni hafifu. Fedha zikamiminika, na mpaka leo mtu akitembelea Béziers anaweza kuona majumba makubwa yaliyojengwa kwa fedha za zabibu. Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nchi nzima iliweka mayai yake yote katika tenga moja.

Balaa halikuchelewa. Katika miaka ya 1860 mizabibu ilianza kunyauka katika mkoa wa Gard, kandokando ya mto Rhône. Majani yanageuka rangi, zabibu hazikomai, na baada ya miaka michache mti umekufa. Wakulima walifukua mizizi ya mti uliokufa wakakuta imeoza, lakini hawakumwona mwuaji. Mwezi Julai 1868 tume ndogo kutoka Montpellier, akiwamo mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon, ilifanya jambo rahisi ambalo wengine hawakulifikiria. Iliacha miti iliyokufa na kufukua ile iliyokuwa bado hai pembeni yake. Hapo ndipo walipowaona: wadudu wadogo mno, wa manjano, wamejazana kwenye mizizi wakiifyonza. Mti ukishakufa, mdudu huhama. Ndiyo maana kwenye maiti hakukuwa na mwuaji.

Mdudu huyo, aitwaye filoksera, alitoka Amerika, na alivuka bahari pamoja na miche ya mizabibu ya kule. Alienea kama moto wa nyika. Mwaka 1875 Ufaransa ilikuwa imevuna mvinyo wa lita zipatazo milioni 8,400. Mwaka 1889 ilipata lita zipatazo milioni 2,300 tu. Serikali iliahidi zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayepata dawa. Watu walijaribu kila kitu. Wenye mashamba karibu na maji waliyafurika wakati wa baridi ili kumzamisha mdudu. Wengine walihamia kwenye mchanga wa pwani, kwa kuwa mchangani mdudu huyo hawezi kupenya. Wengine walidunga kemikali kali ardhini.

Mwisho dawa ilipatikana kulekule ulikotoka ugonjwa. Mizabibu ya Amerika ilikuwa imeishi na mdudu huyo kwa muda mrefu, na mizizi yake ilikuwa sugu. Basi wakachukua shina la Amerika likae ardhini, na juu yake wakabebesha kikonyo cha mzabibu wa Ufaransa. Chini mgeni, juu mwenyeji. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama juu ya mizizi ya namna hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa hapa mgeni ndiye aliyeleta maradhi kwanza. Ile zawadi ya faranga 300,000 haikulipwa kwa mtu yeyote.

Sasa msikilizaji atadhani hadithi imekwisha. Mdudu ameshindwa, mizabibu imepandwa upya, jua lipo. La hasha. Mdudu wa pili alikuwa hatari kuliko wa kwanza, na huyu hakukaa kwenye mizizi. Alikaa kwenye maduka na maghala.

Katika ile miaka ya ukame wa mvinyo, wanywaji wa mjini hawakuacha kunywa. Wafanyabiashara wakajifunza kutengeneza mvinyo bila mavuno. Walichukua zabibu kavu kutoka nchi nyingine, wakaziloweka na kuzichachua. Au walichukua makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa, wakatia maji na sukari, wakakamua mara ya pili. Vilevile walowezi wa Kifaransa katika koloni la Algeria walipanda mizabibu kwa maelfu ya hekta, na mvinyo wao uliingia Ufaransa bila ushuru. Mashamba ya Languedoc yalipofufuka, yalikuta soko limekwisha kukaliwa. Mwaka 1903 kodi ya sukari ilipunguzwa sana, jambo lililowafurahisha wakulima wa viazisukari wa kaskazini, na kutengeneza mvinyo wa sukari kukawa rahisi zaidi. Bei ikaanguka. Kuanzia mwaka 1904 mapipa yalijaa na hayakupata mnunuzi. Mwenye shamba dogo alishindwa kulipa deni lake, na kibarua hakuitwa kazini.

Hapo ndipo anapoingia mtu mmoja ambaye nampenda na kumhurumia kwa pamoja. Jina lake Marcelin Albert, alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Argeliers, karibu na Narbonne. Alikuwa na shamba dogo la mizabibu na mkahawa. Kwa miaka kadhaa alizunguka akihubiri kwamba mvinyo wa bandia unaua nchi, na watu wakimcheka. Machi 11, 1907, tume ya Bunge iliyokuwa ikichunguza hali ya mvinyo ilifika Narbonne. Albert alikusanya wanakijiji wenzake, jumla yao 87, wakatembea kwa miguu hadi mjini kutoa malalamiko yao. Tume iliwasikiliza, wakarudi nyumbani.

Watu 87 si kitu. Lakini waliamua kukutana kila Jumapili katika kijiji au mji mwingine, na kila Jumapili idadi iliongezeka. Mei 5 walikuwa Narbonne, wakikisiwa kufika 80,000. Mei 12 walikuwa Béziers, 150,000. Kisha Perpignan, kisha Carcassonne, kisha Nîmes. Na Juni 9, 1907, mjini Montpellier, walikusanyika watu wanaokisiwa kuwa nusu milioni au zaidi. Walikuja wanaume, wanawake na watoto, mwenye shamba na kibarua wake, padri na msoshalisti, kila kijiji na bango lake. Mabango yalisema kwamba wana mvinyo mzuri tele na hawana mkate wa kula. Albert aliwahutubia kwa lugha yao ya nyumbani, na watu wakamwita Mkombozi. Meya wa Narbonne, Dakta Ernest Ferroul, alijiuzulu na kupandisha bendera nyeusi juu ya ofisi ya mji. Mamia ya mabaraza ya miji na vijiji yakafuata, na wananchi wakaambiwa wasilipe kodi.

Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Georges Clemenceau, mtu mwerevu na mgumu. Alituma majeshi. Juni 19 Ferroul alikamatwa, na siku hiyo na ya pili yake askari waliwapiga watu risasi katika mitaa ya Narbonne. Watu kadhaa walikufa, mmoja wao msichana wa miaka 20 aliyekuwa amekuja mjini kwa ajili ya soko tu. Huko Perpignan umati ulichoma moto ofisi ya mkuu wa mkoa.

Habari za damu hiyo ziliwafikia askari wa kikosi cha 17 cha miguu waliokuwa kambini Agde. Wengi wao walikuwa vijana wa mkoa uleule, watoto wa wakulima wa zabibu. Usiku wa kuamkia Juni 21 wapatao 500 walichukua bunduki bila ruhusa, wakatembea hadi Béziers, wakaketi katikati ya mji. Hawakutaka kuwafyatulia risasi baba zao. Raia waliwaletea chakula na mvinyo. Mwisho walikubali kurudi kambini, na baadaye wakapelekwa mbali, Gafsa, kule Tunisia.

Na Albert? Serikali ilikuwa imetoa amri akamatwe. Alijificha, kisha akapenya kwa siri hadi Paris, na Juni 23 akaingia mwenyewe ofisini kwa Clemenceau. Alikuwa mtu wa kijijini, hakujua mitego ya siasa. Clemenceau alimweleza jinsi nchi ilivyo hatarini, akamwahidi kwamba mvinyo wa bandia utapigwa vita, akamtaka arudi akawatulize watu. Kisha akampa noti ya faranga 100 ya nauli ya garimoshi. Albert aliipokea. Alipotoka tu, Clemenceau aliwaita waandishi wa habari akawasimulia yote, pamoja na noti, na pamoja na machozi, kwani alisema kwamba yule Mkombozi alilia mbele yake. Habari zilifika kusini kabla ya mwenyewe. Waliokuwa wakimbeba mabegani wakamwita msaliti aliyenunuliwa. Alihamia Algeria kwa muda, na mwaka 1921 akafariki Argeliers, maskini.

Nimesoma habari hii mara nyingi na kila mara inanichoma. Bunduki zilishindwa kumnyamazisha, na noti moja ikaweza. Wala sidhani alinunuliwa. Nadhani alihitaji nauli tu. Lakini kiongozi wa wanyonge hana ruhusa ya kupokea hata nauli kutoka kwa mwenye nguvu, maana mwenye nguvu ndiye mwenye gazeti.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, msidhani wakulima walishindwa. Juni 29, 1907, Bunge lilipitisha sheria dhidi ya kutia maji katika mvinyo na dhidi ya matumizi mabaya ya sukari. Sukari hiyo ikawekewa kodi ya ziada, na kila mkulima akatakiwa kutangaza kiasi alichovuna, ili kisitoke ghalani kiasi kinachozidi. Septemba 3 mwaka huohuo ilitoka amri iliyosema mvinyo ni nini: ni kitu kitokanacho na kuchachuka kwa zabibu mbichi, au maji ya zabibu mbichi, na si kingine. Lilionekana jambo dogo, maneno machache tu. Lakini tangu siku ile muuza maji ya sukari hakuweza tena kujificha nyuma ya jina la jasho la mwenzake. Na wakulima wakaunda chama chao kikubwa cha kuwafuatilia walaghai, mwenyekiti wake akiwa Ferroul yuleyule.

Hapa ningeweza kumaliza kwa kupiga makofi. Lakini historia ina ukweli wake wa pili, na nisipousema nitakuwa nami nimetia maji. Mvinyo wa bandia ulikuwa dhambi ya kweli, lakini haukuwa sababu pekee. Wakulima wenyewe walikuwa wanazalisha kupita kiasi, mvinyo hafifu wa tambarare, ambao ubora wake ulikuwa ni urahisi wake. Ukiuza kitu kwa sababu tu ni rahisi, atakuja mwingine mwenye kukiuza kwa bei ya chini zaidi, na hutakuwa na neno la kumjibu. Sheria ya mwaka 1907 ilimfukuza mwizi mlangoni. Haikuweza kumwambia mwenye nyumba apunguze mizabibu.

Dawa ya nusu hiyo ya pili ilianzia vijijini. Neno ushirika si geni masikioni mwetu, na baadhi yetu tukilisikia tunakunja uso. Lakini katika kijiji cha Maraussan, karibu na Béziers, wakulima wadogo walianzisha ushirika wao mwaka 1901, wakauza mvinyo wao kwa pamoja moja kwa moja kwa vyama vya walaji vya wafanyakazi wa Paris, bila mlanguzi katikati. Mwaka 1905 walijenga ghala lao la pamoja la kukamulia. Baada ya mwaka 1907 vyama vya namna hiyo vilienea, na ghala la ushirika likawa jengo la kawaida katika vijiji vya Languedoc.

Hata hivyo ugonjwa wa wingi haukuisha haraka. Algeria ilipata uhuru mwaka 1962, lakini pakaja mvinyo wa Italia katika soko la pamoja la Ulaya, na wakulima wakaingia tena barabarani. Machi 4, 1976, huko Montredon, karibu na Narbonne, wakulima na polisi walipigana kwa risasi. Alikufa mkulima mmoja na kamanda mmoja wa polisi. Wakati huohuo Wafaransa wenyewe walikuwa wanapunguza kunywa. Katika miaka ya 1960 mtu mmoja kwa wastani alikunywa zaidi ya lita 100 kwa mwaka, na siku hizi hata nusu yake haifiki.

Ndipo watu wa Languedoc walipokubali kula kiapo kichungu. Waling'oa karibu nusu ya mizabibu yao. Aramon ya tambarare ikapungua sana, wakarudi kwenye vilima vya mawe walikokuwa wameviacha babu zao, wakapanda aina kama syrah na grenache, wakavuna kidogo na kutunza vizuri. Faugères na Saint-Chinian zilipata hati ya kuuza kwa jina lao wenyewe mwaka 1982, Corbières na Minervois mwaka 1985. Maana yake ni kwamba chupa sasa inataja ilikotoka, na mnunuzi analipia mahali na mkono wa mtu. Sisemi matatizo yamekwisha. Kiangazi kinazidi kuwa kikali, wanywaji wanazidi kupungua, na mizabibu inaendelea kung'olewa. Lakini wale waliobaki wana kitu cha kumjibu mnunuzi anaposema kwamba kwingine ni rahisi zaidi.

Nimewasimulia haya, ndugu zangu wa mjini, kwa sababu katika hadithi hii sisi hatumo miongoni mwa wakulima. Sisi ndio wale wanywaji wa Paris. Wao hawakumchukia mkulima wa Languedoc, wala hawakumjua. Walifurahia tu kwamba bei imeshuka, wakanywa maji ya sukari kwa jina la zabibu, na hawakuuliza. Kila tunaposhangilia kitu kuwa rahisi sokoni, mchele, maharage, asali, na tusiulize ni kitu gani hasa na aliyekilima amebaki na nini, tunakaa katika kiti kilekile.

Wahenga hawakukosea. Mchumia juani hulia kivulini. Lakini atakula au atatoa machozi, jambo hilo haliamuliwi na jua. Tunaliamua sisi tuliokwisha kukaa kivulini, tukimsubiri na mzigo wake.

Kwaherini hadi wiki ijayo.